Kila Akisema Kavu

Nianze na maziwa yangu, kwa sababu ndiyo yaliyonikasirisha kwanza, kabla ya boila na kabla ya wanaume wote waliosimama kando ya boila hiyo wakiniambia nirudi kwenye roli. Ikifika saa kumi jioni matiti yalikuwa yanajaa. Yanajaa tu. Hayaulizi kama kazi imekwisha.

Mtoto alikuwa Kangemi, msichana wa miezi saba, ameachwa kwa mama mwenye nyumba tuliyopanga chumba. Mimi nilikuwa mjini, katika dobi kubwa ya mvuke karibu na mto, nimesimama mbele ya roli, nikipokea shuka za hoteli na za majumba ya Lavington. Na shuka zilikuwa zinatoka mbichi.

Roli ni pipa refu la chuma lililolala, na ndani yake unapita mvuke kutoka kwenye boila, tangi kubwa la kuchemshia maji. Wanawake wawili wanaingiza shuka iliyolowa upande huu, wawili wanaipokea upande wa pili. Mambo yakiwa sawa, shuka inatoka imenyooka, ya moto kama chapati. Yasipokuwa sawa, inatoka na ubaridi ule wa kitambaa kilichosahauliwa kwenye karai, na inarudishwa. Mara ya pili. Mara ya tatu. Na sheria ilikuwa kwamba hakuna anayevua aproni kabla shuka ya mwisho haijakunjwa.

Basi langu la kwenda magharibi lilikuwa linapita saa kumi na moja kasoro robo. Likinipita ni miguu, kupanda Westlands na kuendelea, jua linanichoma machoni mpaka linazama. Nikifika mtoto amelala, amechoka kulia, na matiti yangu yamekuwa mawe, na gauni limeganda kifuani kama limepakwa wanga. Mwezi huo basi lilinipita siku nyingi kuliko siku nilizolipanda.

Kliniki walikuwa na mizani yenye sahani na mshale. Sista alimlaza mtoto, mshale ukacheza, ukatulia, naye akaandika kwenye kadi bila kuniangalia. "Mama, mtoto amepungua."

Jumapili baba yake alikuja. Yeye ni mpishi Lavington, analala huko huko nyuma ya nyumba ya mwajiri wake, na alikuwa anakuja kwetu kila baada ya wiki mbili, amevaa viatu alivyopewa vilivyokuwa vikubwa kuliko miguu yake. Aliiangalia kadi muda mrefu.

"Mwezi ujao akipungua tena," alisema, "nampeleka nyumbani kwa mama. Huko kuna ng'ombe."

"Na mimi?"

"Wewe si una kazi?"

Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu baadaye watu walisema nilikuwa natafuta ukubwa. Sikutafuta ukubwa wowote. Nilikuwa na wiki nne za kumwongeza mtoto uzito, la sivyo angepandishwa treni ya magharibi akalelewa na bibi yake, nami nibaki hapa nikamue maziwa kwenye sinki. Nilichohitaji ni kupanda basi moja. Basi moja kwa siku!

Mama mwenye nyumba alikuwa mjane wa hapo hapo, mwenye shamba, mbuzi na vyumba sita vya kupangisha. Alimpenda mtoto, siwezi kusema hakumpenda. Lakini kila nikifika na kuuliza amekula nini, jibu lilikuwa moja.

"Mama mutoto, amemaliza kikombe!"

"Kikombe kizima?"

"Kizima! Uliza paka, alikuwa hapa."

Jioni moja sikumuuliza paka. Nilichukua sufuria ya uji nikainua mwiko. Uji ulidondoka kama mvua inayotoka kwenye bati.

"Mama, hii ni nini?"

"Si uji?"

"Haya ni maji yaliyopita karibu na unga."

"Uji mzito unafunga tumbo," alisema, amenuna. "Na kikombe si kilijaa?"

Kilijaa. Hakunidanganya hata kidogo. Kilijaa mpaka ukingoni, mtoto alikimaliza, na mtoto alikuwa anapungua. Nililala na hilo kichwani, nikaenda nalo kazini.

Asubuhi hiyo roli ilianza vibaya tangu shuka ya kwanza. Nyapara wetu, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni na asiyeandika kwa hata moja, alipita akigusa shuka kwa mgongo wa mkono.

"Mbichi! Nyinyi wanawake, mmeamka saa ngapi? Mnazikamua na vidole viwili?"

"Zimekamuliwa," nilimwambia. "Roli ndiyo haina moto."

"Haina moto? Njoo." Alinivuta hadi kwenye ile saa ya shaba iliyofungwa ukutani juu ya bomba, ile inayoonyesha nguvu ya mvuke. "Umesoma wewe. Soma."

"Themanini."

"Jana ilikuwa ngapi?"

"Themanini."

"Na mwaka jana shuka zilipokuwa zinakauka?"

"Themanini."

"Sasa kama si uvivu wenu ni nini? Saa imejaa! Rudi kwa roli, Mwalimu."

Aliniita Mwalimu kwa sababu nilikuwa nimefika sekondari, madarasa mawili tu kabla ya kuolewa. Wenzangu kwenye roli hawakuwahi kukaa darasani, naye aliona elimu yangu kama kidonda cha kuchezea. Nilirudi. Lakini lile neno lake lilikuwa limeniingia. Saa imejaa. Kikombe kimejaa. Sawa, kimejaa nini?

Shuleni kwetu, kule nyumbani, tulikuwa na mmishenari mmoja mwanamke, mrefu kama nguzo, aliyetufundisha sayansi kwa vyombo vya jikoni kwa kuwa vingine havikuwepo. Siku moja aliweka birika kwenye jiko, likachemka, akatuuliza mvuke uko wapi. Sote tukanyoosha vidole kwenye wingu jeupe. Akasema hapana, hayo ni maji. Ni matone madogo yaliyokwisha kupoa. Akatuonyesha mahali palipo kati ya mdomo wa birika na lile wingu, upana wa kidole hivi, ambapo huoni kitu. Mvuke, alisema, uko hapo. Nilimwambia hapo hakuna kitu. Akanituma niweke kijiko. Sisemi zaidi, alama ninayo mpaka leo kwenye kidole gumba.

Kisha akatufundisha jambo ambalo nililikariri kwa mtihani bila kulipenda. Maji yanakula moto mwingi sana ili yawe mvuke, na moto huo yanauficha. Mvuke ukigusa kitu baridi unarudi kuwa maji na kuutema moto wote uliofichwa. Ndiyo maana unaunguza kuliko maji yanayochemka. Lakini tone lililobebwa na mvuke, tone ambalo lenyewe halijawahi kuwa mvuke, halina moto wa kutema. Limepanda gari bure. Mvuke uliobeba matone mengi aliuita mvuke wenye maji, na usiobeba aliuita mvuke mkavu. Na yote miwili, ikiwa kwenye bomba, saa inaisoma sawa.

Hilo ndilo nililolikumbuka nikiwa na shuka mbichi mikononi. Themanini ya mvuke na themanini ya mvuke wenye maji, saa haijui tofauti, kama vile paka asivyojua tofauti ya uji na maji. Na maji yakituama ndani ya roli, chuma kitapata wapi moto?

Nilijaribu kumwambia Bwana mwenyewe, Mzungu mwenye dobi, siku alipopita. Nilimwambia kwa Kiingereza chake, polepole, kwa heshima, kwamba mvuke una maji. Alinisikiliza vile mtu anavyomsikiliza kasuku. Alifurahi kwamba nazungumza. Nilichosema hakukisikia. Aliniambia anajua mvuke una maji, kwamba tayari ametoa amri kuhusu jambo hilo, tena kila siku anaitoa, na akaniuliza ni misheni gani iliyonifundisha matamshi mazuri namna hiyo.

Sasa tufike nyuma ya boila.

Ilikuwa saa nane, wakati wa chakula, na kifua kilikuwa kinaniuma mpaka kwapani. Pale penye boila wanawake hawakuruhusiwa, lakini nyuma yake, kati ya ukuta na rundo la kuni, palikuwa na joto na hapakuwa na macho. Nilijibanza hapo, nimefungua vifungo, nakamulia maziwa kwenye majivu, nalia kidogo kwa hasira ya kuona maziwa mazuri yakinywewa na majivu. Ndipo nikasikia viatu vya Bwana.

"Wewe! Mzee!"

"Bwana."

"Shuka yote mbaya! Mimi nasema kila siku. Nataka stimu kavu! Kavu! Hapana maji! Naelewa?"

"Ndiyo, Bwana. Kavu."

"Kavu sana!"

"Kavu sana, Bwana."

Viatu vikaondoka. Nilichungulia. Mzee wa boila, mtu mfupi mwenye kofia ya bluu iliyopauka, alisimama akiangalia mlango mpaka akawa na hakika Bwana ameshafika mbali. Kisha akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyetoka kutukaniwa mama yake, akaenda kwenye pampu, akaingiza maji. Kwenye boila kuna kioo chembamba kilichosimama, kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani, na katikati yake kuna alama nyekundu. Maji yalikuwa yamepita alama hiyo tangu zamani. Yakapanda, yakapanda, yakafika juu kabisa, yakapotea. Kioo chote kikawa maji. Hapo ndipo aliporidhika.

Nilitoka na vifungo vyangu nusu.

"Baba, umefanya nini?"

Aliruka. "Binti! Umetoka wapi? Hapa si mahali pa wanawake!"

"Nilikuwa nakamua maziwa. Umefanya nini?"

Aliangalia kando, akashusha sauti. "Nimewaokoa."

"Umetuokoa na nini?"

"Na huyo. Binti, wewe ni mtoto, hujui. Boila ikikauka inapasuka. Mimi nilikuwa shamba la mkonge, mwenzangu alisinzia, maji yakaisha ndani. Tulimzika kwenye gunia. Gunia lenyewe halikujaa." Aliangalia tena mlangoni. "Sasa huyu Mzungu anakuja kila siku, kavu, kavu, hapana maji. Anataka tufe wote. Huwezi kumbishia. Nasema ndiyo, halafu naongeza. Akisema mara moja naongeza kidogo. Leo amesema mara tatu."

Sikujua nicheke au nimpige kwa koleo. Hebu fikiria. Bwana anaona shuka mbichi, anapiga kelele, kavu! Mzee anasikia kifo, anaongeza maji. Mvuke unazidi kubeba maji, shuka zinazidi kuwa mbichi, Bwana anazidi kupiga kelele. Wiki ngapi? Wanaume wawili, mmoja hajui Kiswahili na mwingine hawezi kuuliza, wanazungushana kwa neno moja, na neno lenyewe linazunguka juu ya mgongo wangu na juu ya tumbo la mtoto wangu.

"Hakusema boila iwe kavu," nilimwambia. "Amesema stimu, yaani mvuke, uwe mkavu."

Mzee alicheka. Alinihurumia waziwazi. "Mvuke mkavu. Binti, kuni kavu nazijua. Samaki mkavu namjua. Mvuke si unatoka kwa maji? Huo mvuke mkavu ni kama maji makavu."

"Ukipika maharagwe, sufuria ukaijaza mpaka mdomoni, ikichemka inafanyaje?"

"Inafoka."

"Inafoka nini?"

"Maji."

"Na ukiijaza nusu?"

"Inachemka tu. Mvuke unatoka, maji yanabaki."

"Bomba letu la roli limeanzia wapi?"

Aliinua macho. Bomba lilikuwa limeanzia juu kabisa ya boila, pale ambapo kifuniko cha sufuria kingekuwa. Aliliangalia muda mrefu, mdomo wazi kidogo. Lakini mzee hakuwa mtu wa kushindwa kwa maharagwe.

"Sasa mbona mvuke wetu ni mweupe, mwingi? Weupe ndio nguvu."

"Fungua ile koki," nilisema. Juu ya bomba kulikuwa na koki ndogo ya kujaribia, ncha yake haifiki urefu wa kidole. Akaifungua. Ikatema. Kweli ilitema, kama mtu mwenye kikohozi, na kilichotoka kilikuwa cheupe tangu mdomoni.

"Haya. Sasa punguza maji mpaka alama nyekundu."

"Hapana."

"Alama iliwekwa na nani?"

"Na waliotengeneza boila."

"Walitaka kufa na wao?"

Alifikiri. Akafungua maji yatoke chini, polepole sana, jicho kwenye kioo kama mtu anayemchunga nyoka. Kila baada ya muda alisema, "Nikikuambia kimbia, ukimbie, usiulize." Maji yalishuka. Yalipogusa alama nyekundu alifunga kwa mikono miwili na kuweka kuni mbili kwenye moto. Tulisubiri. Wenzangu walikuwa wameshapigiwa kengele kurudi kazini, nami nilikuwa nimesimama pale na gauni lililolowa maziwa, nikisubiri maji yachemke kama mpishi.

"Fungua sasa."

Alifungua. Koki ikapiga mluzi mwembamba, na wingu likatokea, lakini halikuanzia mdomoni. Kati ya mdomo na wingu palikuwa na uwazi, urefu wa kidole changu cha kati.

"Imeziba," alisema mzee, akapeleka mkono.

"Usiguse!"

Nikampa kipande cha gazeti alichokuwa amefungia muhogo wake. Alikishika kwa ncha, akakisogeza kwenye ule uwazi. Kikapigwa, kikatetemeka mpaka kikataka kumtoka mkononi, na kitu kinachokipiga hakikuonekana. Alikirudisha, akakipeleka tena. Kisha akavua kofia yake.

"Kumbe huyo mkavu ndiye huyu," alisema.

Mchana ule shuka zilitoka za moto. Mwenzangu wa upande wa kupokea aliidondosha ya kwanza, akasema, "Mama yangu, imeniunguza!" akacheka, na sote tukacheka, tukikimbizana na roli kama wasichana. Saa kumi na dakika kumi shuka ya mwisho ilikunjwa. Nyapara alipita akigusa kwa mgongo wa mkono, akatuangalia mmoja mmoja.

"Mnaona? Mkikamua vizuri!"

Nilipanda basi.

Siku mbili nilipanda basi. Siku ya tatu nyapara aliingia na gari zima la vitambaa vya meza na shuka kutoka hoteli nyingine, kwa sababu Bwana alikuwa ameona tunamaliza mapema, akamsifu kwa kuwanyoosha wanawake, naye akaitikia sifa hizo kwa niaba yetu. Saa kumi na nusu rundo lilikuwa bado linafika kiunoni.

"Mimi basi langu linapita," nilimwambia.

"Linapita? Lipite. Kwani barabara ni ya baba yako?"

"Nina mtoto anyonyaye."

"Na mimi nina watoto watano. Umeniona nikikimbilia basi?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nalo, lakini wenzangu wangeadhibiwa pamoja nami. Nilikwenda kwa miguu. Asubuhi mzee wa boila alinikuta langoni.

"Binti, jana ulipata basi?"

"Sikupata."

Alishika kofia yake, akaenda zake.

Saa tatu shuka zilianza kutoka mbichi. Saa nne zikawa mbichi kabisa. Nyapara akagusa, akagusa tena, akakimbilia boila, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi tulisikia kila kitu.

"Mzee! Kavu!"

"Ndiyo," alisema mzee. Tukasikia pampu.

Bwana akafika, uso mwekundu. "Kavu! Nasema kavu!"

"Ndiyo, Bwana." Pampu.

"Mzee, ngoja, ngoja," alisema nyapara baada ya Bwana kuondoka, na sauti yake ilikuwa imeanza kubembeleza. "Juzi ilikuwa kavu. Juzi ulifanyaje?"

"Juzi aliniambia binti."

"Na leo?"

"Leo hajaniambia. Mimi kavu ya binti ndiyo ninayoijua. Yeye anakuja asubuhi, anapima kwa kidole, ananiambia hapa, nami naacha hapo. Kavu yenu nyinyi wengine ni ya kuua watu."

Mwenzangu wa roli alinikanyaga mguu chini ya meza ya kukunjia mpaka nikaumia. Nyapara alikuja, akasimama mbele yangu, akazichezea kalamu zake mbili.

"Mwalimu. Njoo kidogo kwa boila."

"Basi," nilisema.

"Basi nini?"

"Basi langu. Saa kumi na moja kasoro robo. Kila siku, rundo liwepo lisiwepo."

"Tutaona."

"Basi utaona shuka."

Aliona shuka kwa saa nzima. Nilisimama kwenye roli nikipokea ubichi ule kwa mikono miwili, nikiukunja vizuri kabisa, nikiuweka kwenye rundo la kurudiwa, na kila nikiinua macho nilikuta ananiangalia. Kabla ya chakula alipita, hakusimama, akasema akiangalia ukuta, "Wewe tu. Wengine wanabaki." Wengine walinisamehe haraka kuliko nilivyotegemea. Mvuke ukiwa mzuri hata wao walimaliza kabla ya giza, na hilo walikuwa hawajalipata mwaka mzima. Lakini sijasahau kwamba alisema wewe tu.

Sikupewa cheo. Sikuitwa fundi. Wageni wakija nyapara huwaonyesha ile koki, huifungua kwa mbwembwe, na kuwaeleza jinsi alivyoukausha mvuke wa dobi hii. Mzee huwa anasimama nyuma yake akiangalia mbali. Nami kila asubuhi, kabla ya kufunga aproni, nilipita kwake, nikafungua, nikapima uwazi kwa kidole, nikasema, "Hapo, baba," naye akasema, "Hapo, binti," tukaachana.

Siku ya kwanza ya basi langu la mapatano nilifika Kangemi jua bado liko juu ya miti. Nilikuwa nakimbia. Nimebeba matiti kwa mikono miwili, sioni aibu, wanaouza sukuma wiki sokoni wamenicheka na nimewaacha wacheke. Mama mwenye nyumba alikuwa kizingitini, mtoto mapajani, wote wawili wanang'aa.

"Mama mutoto! Leo amemaliza vikombe viwili!"

Nilimchukua mtoto. Nikampa titi. Akaligeuzia uso. Nikampa lingine. Akapiga kelele kama nimempa kinyonga, tumbo lake limekaza kama ngoma. Nilikuwa nimegombana na boila, na nyapara, na Bwana na Kiingereza chake, na barabara nzima ya kutoka mjini, na mtoto alikuwa ameshiba maji.

"Nilikuambia usimpe kitu baada ya saa tisa!"

"Sasa unanifundisha mimi niliyelea watoto tisa?"

Nilikaa chini hapo hapo kwenye ardhi ya uwanja wake, mgongo ukutani, mtoto mapajani, nikasubiri. Sikuwa na lingine la kufanya. Mbuzi walipita. Mama mwenye nyumba aliingia ndani akigonganisha vyombo ili nijue amekasirika. Muda ulikwenda. Kisha nikasikia joto kwenye paja, likaenea, likalowesha gauni lote hadi chini, likafanya kidimbwi kwenye udongo. Maji yalikuwa mengi, sijui mtu mdogo hivyo aliyaweka wapi. Alipomaliza alishtuka, akaniangalia kama ndiyo kwanza nimefika. Akafungua mdomo, akalitafuta titi mwenyewe, akalishika kwa mikono yote miwili.

Alinyonya mpaka giza likaingia. Tangu siku hiyo mwiko wa uji niliuinua kila jioni, mbele ya mama mwenye nyumba, na uji ukawa mzito, na tumbo la mtoto halikufunga.

Siku ya kliniki ilikuwa Jumamosi. Baba yake aliomba ruhusa akaja, na viatu vyake vikubwa, na alikuwa tayari ameuliza nauli ya treni. Sista alimlaza mtoto kwenye sahani. Mshale ukacheza, ukatulia. Sista akaandika, na mara hii aliinua kichwa.

"Ameongezeka, mama. Ameongezeka vizuri."

Baba yake akainama, akausoma mshale mwenyewe, akakuna shingo. "Labda mizani ya leo ni mbovu," alisema.

Nilimwambia sista apime tena. Akapima tena. Nilimwambia apime tena, na foleni ya akina mama nyuma yangu ikaanza kunung'unika, na mtoto akaanza kulia kwa baridi ya sahani, na sista akasema, "Mama, inatosha." Nikasema hapana, huyu bwana bado hajasoma. Akapima mara ya tatu. Baba yake akasoma. Akasoma kwa sauti, kama mtoto wa shule, mbele ya watu wote.

Kisha akanichukulia kikapu, bila kuambiwa, akatangulia mlangoni.